Nyumba Kwanza, Mjusi Baadaye

Watu wengi hudhani ya kuwa kufuga mnyama huanza siku ile aletwapo nyumbani. Mimi naona sivyo. Kufuga huanza kabla ya siku hiyo, mfugaji anapojifunza desturi za mnyama na kumtengenezea mahali pa kukaa. Asiyetaka kazi hiyo ya kwanza, afadhali asifuge kabisa. Nitatoa mfano wa mnyama mmoja mdogo, mpole, ambaye watu wengi wa Ulaya na Marekani humfuga nyumbani mwao. Jina lake ni mjusi chui.

Asili yake ni nchi kavu zenye mawe mengi, katika Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi ya India. Edward Blyth, aliyekuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho huko Calcutta, ndiye aliyemwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1854. Urefu wake, pamoja na mkia, ni kama sentimeta 20 hadi 25. Ngozi yake ni ya manjano yenye madoa meusi, ndiyo sababu akapewa jina la chui. Sisi twamjua mjusi kafiri, awindaye wadudu ukutani karibu na taa. Hawa wawili ni jamaa, lakini hawafanani kwa yote. Mjusi kafiri hawezi kufumba macho, naye hushika ukuta kwa nyayo zake. Mjusi chui anazo kope, hufumba macho alalapo. Na kwa kuwa ana kucha tu, hutembea chini.

Basi, mfugaji mgeni ampatapo mjusi huyu hufanyaje? Mara nyingi humtia sandukuni, akampa wadudu tele, akadhani amemtendea wema. Lakini mwili wa mjusi haujipashi joto wenyewe kama miili yetu. Hupata joto kutoka mahali alipo, na pasipo joto chakula hakisagiki vema tumboni. Kwa hiyo mjusi aliyeshiba katika sanduku la baridi aweza kuugua kwa shibe yake. Joto ni kabla ya chakula. Upande mmoja wa sanduku, sakafu iwe na joto la nyuzi 32 hivi za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 25 hivi, ili achague mwenyewe. Joto lipimwe kwa kipimajoto, lisikisiwe kwa mkono. Tena chombo cha umeme kiwe na kifaa cha kuzuia joto lisizidi, maana wako mijusi walioungua matumbo kwa uzembe wa wenyewe.

Pawe na maficho matatu: moja upande wa joto, moja upande wa baridi, na la tatu lenye unyevu, lililotandikwa karatasi laini iliyoloweshwa. Hilo la tatu wengi hulidharau, nalo lina faida kubwa. Mjusi hujivua ngozi mara kwa mara. Ngozi ikikauka hubaki vidoleni, ikabana kama uzi, ikazuia damu, hata kidole kikakatika. Hasara kama hiyo yaweza kuzuiwa kwa karatasi na maji kidogo! Mchanga usimwagwe sakafuni, maana aweza kuumeza pamoja na chakula ukaziba matumbo. Karatasi kavu yatosha. Na maji safi ya kunywa yasikosekane.

Chakula chake ni wadudu walio hai, kama nyenje na mende wa kufugwa. Majani na matunda hali. Mdudu asiwe mkubwa kupita nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Wadudu wapakwe unga wa kalsiamu, na mara nyingine ule wenye vitamini D3; akiukosa, mifupa hulainika, taya na miguu hupinda. Mijusi wachanga hulishwa kila siku, lakini waliokomaa hupumzishwa siku moja au mbili. Wadudu wa mahali palipopuliziwa dawa wasitumike kamwe, wala asipewe kimulimuli, maana ni sumu kwake.

Wako wasemao, "Huyu ni mnyama wa porini, amezoea taabu, ataishi tu." Maneno hayo hayana nguvu. Kwao, jua likiwaka huingia shimoni. Akiona baridi hutafuta jiwe lenye joto. Sandukuni hana shimo wala jiwe ila ulilompa wewe. Tena mbwa mwenye njaa hukulilia mlangoni, na mbuzi mwenye kiu hupiga kelele. Mjusi hatakuita akuambie kwamba anaona baridi. Yampasa mfugaji kuwa na macho. Autazame mkia, maana humo ndimo mjusi anamoweka akiba ya mafuta. Mkia mnene ni dalili ya afya; ukianza kukonda, apelekwe kwa mganga wa wanyama pasipo kukawia. Apimwe uzito kila juma, na yaandikwe. Wala asishikwe mkia, kwa kuwa huukata akakimbia. Mwingine huota, lakini haufanani na ule wa kwanza. Na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, maana mijusi huweza kuchukua vijidudu vya kuharisha.

Wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hatashika jembe kamwe. Akitunzwa vema aweza kuishi miaka 15 hadi 20, na siku zote hizo atakutegemea wewe. Mtoto wa miaka 12 amchukuaye leo, huenda akawa mtu mzima mwenye watoto wake, na mjusi yu hai bado. Je, ahadi ya miaka hiyo yafaa kutolewa kwa furaha ya siku moja dukani?

Mwenye uwezo na subira, atengeneze nyumba, apime joto lake kwa siku kadhaa, kisha amlete mjusi. Asiye nao asione haya. Mjusi kafiri yuko ukutani kila usiku, hadai sanduku wala unga, na kumtazama akiwinda kwafundisha mengi. Kutomchukua mnyama usiyeweza kumtunza, huko nako ni huruma.