Kuku wa Mama Hatafika Paris

Mama mmoja wa Bungoma ana binti anayekwenda kusoma Ufaransa, na tayari ameshakausha kuku wawili kwa moshi ili amfungie safarini. Mama, waliwe nyumbani! Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa. Hata kibuyu cha mursik kutoka Kitale kitaishia pipani uwanja wa ndege.

Ugali usikutie hofu. Mtaa wa Château Rouge, jijini Paris, una maduka ya vyakula vya Kiafrika, ingawa bei itamkumbusha mahindi ya Trans Nzoia.

La kumfunza ni salamu. Akiingia dukani, hata kama ni kununua mkate mmoja tu, aanze na "bonjour". Asiposema, atanuniwa, naye atarudi chumbani akilia kwamba amechukiwa.

Tena asimbishie mtu hodi saa za kula bila kualikwa, kama tufanyavyo huku. Kule mgeni hupiga simu kwanza. Chakula cha jioni huliwa yapata saa mbili usiku, na jibini huletwa kabla ya kitindamlo. Harufu ikimshinda, aseme "non merci" na kuendelea na mkate wake.