Huo Si Uhuru, Hiyo ni Pensheni

Ikifika Desemba lazima mtu anitumie ile video. Mnaijua. Mzee na mkewe, wamepita miaka sitini, wameketi kwenye viti vya kukunja mbele ya gari ambalo ni nyumba nzima: kitanda, jiko, bafu, choo. Nyuma yao ni jangwa la Arizona na jua linazama polepole. Wanasimulia jinsi walivyouza nyumba kule kwenye theluji wakaamua kufuata joto. Na sisi wa Rongai na Pipeline, mitungi ya maji ikiwa kwa foleni, tunashusha pumzi na kusema: huu sasa ndio uhuru.

Uhuru wapi?

Mimi si mgeni wa mambo haya. Tangu niache chuo nikiwa mwaka wa pili, sehemu kubwa ya kodi ya nyumba yangu imetoka kwa wazee hao. Kuna watu huko ng'ambo wanaolipa, kwa neno, makala za "kambi bora za majira ya baridi," na anayeziandika ni mimi, kitandani, laptopu magotini, jina la mtu mwingine juu. Arizona sijawahi kuikanyaga. Lakini niulize ni kambi za aina gani zinazotoza stima kando na kodi ya mwezi, au gari la futi arobaini linakatwaje kwenye kona ya changarawe, nitakujibu kabla hujamaliza swali. Kwa hivyo nikisema video hiyo imeficha kitu, sijaokota uvumi.

Chukua mji wa Yuma, kona ya kusini-magharibi ya Arizona, California upande mmoja na Mexico upande wa pili. Januari, Alberta ikiwa imeganda, Yuma watu wako na kaptura. Ndiyo maana kuanzia Novemba magari-nyumba huingia kwa maelfu. Na risoti zenyewe si mchezo: bwawa la maji moto, ukumbi wa dansi, karakana ya useremala, viwanja vya kila mchezo ambao goti la mzee linaweza kustahimili. Nyingi zina sharti: miaka 55 kwenda juu. Ni halali. Sheria ya Marekani ya 1995 inayaruhusu makazi ya wazee kukataa familia zenye watoto, mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu mmoja wa umri huo. Uhuru wenye geti, na getini kuna mtu anaangalia ulizaliwa mwaka gani.

Kinachofungua geti hilo video haikitaji kamwe, maana hakina picha nzuri: pesa inayoingia benki kila mwezi bila mtu kuamka. Social Security ilipitishwa 1935, wakati wa Roosevelt, na kwa kuanzia iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, kazi zilizofanywa na Wamarekani Weusi wengi wakati huo. Waliingizwa miaka ya 1950. Kwa hivyo msiniletee habari za kuthubutu na kuamini ndoto. Bunge lilikaa, likaamua nani ataruhusiwa kuzeeka akiwa amepumzika.

Najua mtaniambia si wote wana pesa. Kweli kabisa. Jessica Bruder aliandika kitabu kizima juu yao, Nomadland, 2017: wazee wa Kimarekani wanaoishi kwenye magari kwa sababu hesabu ilikataa, wakisafisha vyoo vya kambi na kupanga bidhaa kwenye maghala ya Amazon, kampuni iliyokuwa na mpango mahsusi wa kuwaajiri watu wa magari-nyumba, CamperForce. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ikashinda Oscar ya filamu bora 2021. Wengine hupaki Quartzsite, zaidi ya kilomita mia moja kaskazini mwa Yuma, kwenye ardhi ya serikali, ambako kibali cha msimu mzima, katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili, kwa miaka mingi kilikuwa dola 180. Hao sina ugomvi nao hata chembe. Ila tazameni: jangwa ni lile lile, gari ni lile lile, jua ni lile lile, ondoa pensheni tu na mzee ameshika brashi ya choo. Basi si barabara iliyompa yule wa kwanza raha yake.

Na hapo bado sijafika kwenye saladi.

Yuma hupokea wahamaji wa msimu makundi mawili, Novemba ile ile. Sehemu kubwa ya mboga za majani zinazoliwa Marekani wakati wa baridi hutoka mashamba yanayouzunguka mji huo. Majira ya joto zao hilo hulimwa Salinas, California; baridi ikikaribia, kazi yote inahamia Yuma, hata mitambo ya kuosha na kufunga saladi hung'olewa, ikapakiwa kwenye malori, ikasafirishwa. Wavunaji nao wanahama. Wengine hulala San Luis Río Colorado, upande wa Mexico, na kuvuka mpaka usiku bado ni mzito, kila siku, ili kukicha wawe kwenye mistari ya letusi, mgongo umekunjwa, kisu mkononi. Wanafikishwa shambani na mabasi yanayovuta vyoo vya plastiki nyuma. Mnaona? Hawa pia wanatembea na choo chao. Lakini sijaona mtu akiwapiga video jua likizama.

Wengi huingia kwa viza ya H-2A. Hiyo inamfunga mtu kwa mwajiri wake. Ukiacha kazi bila kupata mwajiri mwingine, ruhusa ya kukaa nayo haidumu. Halafu mshahara wa H-2A haukatwi Social Security, kumaanisha kuinama kote huko hakumjengei mtu pensheni hata ya senti moja. Mwaka 1935 mtu wa shambani aliachwa nje ya mlango. Huyu wa leo yuko nje ya mlango ule ule, kwa karatasi tofauti.

Mkanada, yeye, anafika mpakani na pasipoti, bila viza, na kwa kawaida anaruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Na mimi ninayemwandikia Mkanada huyo pa kupaki? Ada tu ya kuomba viza ya matembezi ni dola 185, kama shilingi 24,000, hairudishwi ukikataliwa, na juu ya hiyo nithibitishe nina sababu ya kurudi nyumbani. Sababu ya kurudi! Ya mzee wa Alberta ni kwamba theluji imeyeyuka.

Machi ikiisha Yuma huanza kuchoma, na makundi yote mawili hufungasha, wazee wakirudi kaskazini, wavunaji wakielekea Salinas. Safari ya msimu, jua lile lile likiwaongoza. Nataka neno moja kwa wote. Kama yule yuko huru, huyu awe huru. Kama huyu ni kibarua wa msimu, basi yule ni mpangaji wa msimu, na tuachane na mambo ya roho za barabarani. Na tusisingizie kwamba hiyo ni lugha ya wazungu pekee. Ng'ombe wa Mmaasai wakionekana Nairobi wakati wa ukame, ni sisi, wasee wa mjini, tunaouliza kwani hawa watu hawawezi kutulia mahali pamoja. Mtu ameongozwa na mvua tangu utotoni, tunamwita tatizo. Mwenye gari la futi arobaini tunamwita msukumo.

Mwaka jana niliingiza aya mbili za wavunaji kwenye makala kuhusu Yuma. Zilitolewa. Mteja akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba msomaji wake yuko likizo, kisha akaniomba nafasi iliyobaki niijaze na mikahawa mitatu yenye saladi nzuri.

Nikaitafuta mikahawa mitatu. Kodi ilikuwa imefika.