Mgahawa wa familia sawa, ila mtoto akalale

Haya wadau, bumu limetoka na najua wikiendi hii wengi wenu mko ufukweni. Kila mtu ana mgahawa wake, sijui wa Kigamboni, sijui wa Kunduchi, sijui wa Msasani. Na sifa ni ile ile: "Pale pa familia bwana, mzee alianza na jiko moja la mkaa, leo watoto wanaendesha." Mimi sina ugomvi na changu wa kukaanga wala ndizi zake. Ugomvi wangu ni na hilo neno familia. Limekuwa kichaka cha kujifichia.

Upo mmoja, jina nalihifadhi, hapa chuoni unasifiwa balaa. Saa nne usiku anayekuletea maji ya kunawa ni dogo wa kidato cha pili. Saa sita yuko nyuma anasugua masufuria. Watu wanamwambia "dogo mchapakazi wewe!", wanamwachia mia tano, roho kwatu.

Jamani, sisi wa ualimu ndio tulipaswa kupiga kelele. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kijana anayelala kipindi cha kwanza kila Jumatatu. Walimu wakasema mvivu. Nikamuita pembeni, kumbe kwao wana mgahawa. Akaniambia, "Mwalimu, jana wateja walichelewa kuondoka." Wateja wenyewe ndio watu kama nyie mnaoagiza samaki mwingine saa tano usiku.

Najua mtasema ni malezi. Sawa, Jumamosi mchana akae kaunta, ajifunze kumjua samaki mbichi kwa kumtazama macho, apige hesabu ya faida. Hiyo nayo ni shule, wala siipingi. Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Lakini kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa. Na usiku ni usiku, uwe wa tajiri au wa baba yako mzazi.

Mtasema anatafuta ada. Ada ipi? Shule za serikali zilifutiwa ada mpaka kidato cha nne tangu 2016. Zimebaki sare, daftari na nauli, na mgahawa unaojaza meza kila Ijumaa haushindwi hayo.

Mtasema biashara itakufa. Biashara iliyotoka kwa babu ikafika kwa baba haiwezi kuuawa na mshahara wa mwosha vyombo mmoja. Itauawa na mrithi asiyeweza kusoma mkataba anaosaini.

Kwa hiyo nendeni, kuleni, ila nendeni mapema. Na ukimuona dogo na trei saa nne, usimpe mia tano. Mfuate mwenye mgahawa kwa adabu: "Shikamoo mzee. Hivi huyu kijana kesho hana shule?"

Mwenye hela ya kulipa samaki ana mdomo wa kuuliza.