Mchimba Mtaro Naye Aandikwe Kitabuni

Wakulima wa Kitui na Makueni, wako wasemao kwamba habari za haki ya mama shambani ni za nchi ya chai, ambako mke huchuma majani na malipo huja kwa jina la bwana. Sisi hatulimi chai, ni kweli. Lakini tutazame mashamba yetu wenyewe.

Mitaro yetu ya fanya juu ilichimbwa na nani? Tangu Makueni ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, kabla ya 1992, wanaume wengi walikwenda kazini Nairobi na Mombasa. Vikundi vya mwethya, vyenye akina mama wengi, vilishika majembe vikatupa udongo upande wa juu. Hivyo maji ya mvua husimama, na mteremko huwa tambarare polepole. Lakini kazi hiyo haina mwisho. Ukingo ukibomoka mahali pamoja, maji hupenya hapo na kuharibu mitaro ya chini.

Mimi karani huandika majina ya wanaokuja mafunzoni. Kitabuni majina mengi ni ya wanaume. Nikipita mashambani, wenye majembe wengi ni wanawake. Maembe yakiiva, mara nyingi baba ndiye auzaye, kwa mchuuzi au kwa kiwanda cha Kalamba kilichofunguliwa 2017. Kisha mama huambiwa akatengeneze ukingo. Je, atakwenda kwa moyo gani?

Wengine watajibu, "Nyumba ni moja, na mfuko ni mmoja." Vyema. Ikiwa mfuko ni mmoja, majina mawili hayataupasua. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 60, yataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na desturi za ardhi.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, chama kiandike jina la mume na la mke, na malipo yajulikane kwa wote wawili. Pili, Bwana Shamba afundishe mahali na saa mwethya inapokutana, si wakati mama amekwenda kuteka maji. Tatu, mti usipandwe wala kukatwa kabla ya wawili hao kupatana.

Mvua ya Novemba haimngoji mtu. Udongo ukishachukuliwa na mto Athi hauulizi hati ina jina la nani. Baba, kaa na mama kabla ya mvua hiyo, mpatane juu ya ukingo na juu ya fedha pia.