Tusingoje kidonda kitupeleke hospitali

Kisukari si ugonjwa wa wazee wala wa matajiri tena. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban Watanzania tisa katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa nacho. Mwaka 2021, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huo barani Afrika hawajijui. Hilo la pili ndilo linalopaswa kutukosesha usingizi.

Kwa kawaida sukari inayopanda taratibu haiumi. Mtu huenda kazini, hulima, hucheka na wenzake, huku mishipa yake ya damu ikiharibika kimyakimya. Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara na macho kufifia huonekana ni uchovu tu, au mkono wa mtu. Anapofika hospitali, wakati mwingine kilichomleta ni kidonda cha mguuni. Kandambili ilimchubua kidole asihisi, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya unyayo imekwisha kufa. Akapaka dawa ya kienyeji, akasubiri, kidole kikawa cheusi.

Vyanzo vinafahamika. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Huanza zaidi utotoni na ujanani, na hakuna mzazi wa kulaumiwa. Wagonjwa walio wengi wana aina ya pili: mwili hauitikii insulini inavyopaswa, na kongosho hulemewa. Urithi una sehemu yake, umri pia, na mama aliyepata kisukari cha mimba hubaki hatarini hata baada ya kujifungua. Kinachochochea zaidi ni unene, hasa mafuta ya tumboni, kukaa kutwa bila kuushughulisha mwili, ulaji mbovu na sigara.

Tazama siku ya kawaida mjini. Asubuhi ni chai ya vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili, mchana chipsi mayai na soda, jioni usingizi ndani ya daladala. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ikiwezekana isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Chupa moja ya soda ya mililita 350 yaweza kukivuka kiwango hicho peke yake. Nasi bado tunampokea ndugu kwa kumwambia, “Umenenepa, maisha yamekunyookea.” Tunampongeza kwa hatari anayoibeba.

Kuchelewa kuna gharama, na wanaoilipa ni familia. Figo zikishindwa, mgonjwa husafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki, maisha yake yote, asipopandikizwa figo nyingine. Mguu ukikatwa, fundi hukosa kazi, mtoto huacha shule, shamba huuzwa. Fedha hizo zingetosha kupima watu wengi kwa tone la damu kidoleni, mapema, wakati mazoezi, lishe na vidonge bado vina nafasi ya kufanya kazi.

Kwa hiyo msimamo wetu hauna kigugumizi. Kila mtu mzima anayeingia zahanati, hata kwa kikohozi, aulizwe habari za kisukari katika ukoo wake na apimwe sukari akiwa hatarini. Vipimo visikosekane rafuni. Mwenye kisukari avuliwe viatu na nyayo zake zikaguliwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa namna inayolipia kinga na matibabu ya mapema, isingoje mtu afike kwenye mashine ya figo. Halmashauri zirudishe viwanja vya wazi vilivyomezwa na majengo, na shule zisiwe soko la soda.

Nasi wananchi tutembee, tupunguze sukari kikombeni, twende kupima tukiwa wazima. Anayengoja maumivu ndipo apime anaupa ugonjwa huu miaka ya kufanya kazi yake. Mguu uliokatwa haurudi, na nchi inayoendelea kungoja itakuwa imeuza miguu ya watu wake kwa bei ya kipimo cha dakika moja.