Cabo Delgado: Upasuaji wa kope ni wa nusu saa, uponyaji ni wa miezi

Upasuaji wa kurekebisha kope iliyojikunja kuelekea ndani ya jicho hufanywa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu na huchukua takriban nusu saa. Kwa mgonjwa wa Palma, Nangade au Mocímboa da Praia, kazi ngumu huanza anaposhuka kitandani. Wiki mbili zinazofuata, na baadaye miezi sita, ndizo huamua kama jicho lake litapona au kama nywele za kope zitarudi kulikwaruza. Katika pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, ambako vita vilianza Oktoba 2017, kipindi hicho cha uangalizi ndicho kilichovurugika zaidi.

Maradhi yanayoanza utotoni

Chanzo cha tatizo hilo ni trakoma, ambayo Watanzania wengi huiita vikope. Ni maambukizi ya bakteria yanayosambaa kwa mikono, kwa vitambaa vya kujifutia uso na kwa nzi. Mtoto anayeambukizwa mara moja hupona. Anayeambukizwa mara nyingi hubaki na makovu upande wa ndani wa kope, na makovu hayo huivuta kope taratibu hadi, miaka mingi baadaye, nywele zake zinageukia ndani. Kila anapopepesa, nywele hizo hukwaruza kioo cha jicho. Maumivu hutangulia, kisha hufuata ukungu, na hatimaye upofu usioweza kurekebishwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema wanawake hupata upofu wa trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu zaidi na watoto wenye maambukizi. Tathmini zilizofanywa katika muongo uliopita zilionyesha kuwa maradhi haya bado ni tatizo la afya ya jamii katika wilaya kadhaa za kaskazini mwa Msumbiji.

Katika vijiji vingi, tiba ya kwanza huwa ni kung'oa nywele hizo nyumbani kwa kibano. Njia hiyo hutuliza maumivu kwa muda, na wataalamu huikubali kwa mgonjwa mwenye nywele chache ikiwa itafanywa vizuri na jicho likakaguliwa mara kwa mara. Ikifanywa vibaya, unywele hukatika badala ya kung'oka, na kisiki kinachobaki huchoma kuliko hapo awali. Pale kope inapokuwa imejikunja sana, upasuaji ndio suluhisho.

Wiki mbili za mwanzo

Baada ya upasuaji, jicho hufunikwa kwa bandeji hadi siku ya pili. Ikishaondolewa, mgonjwa hupewa marhamu ya tetrasaiklini ya kupaka mara mbili kwa siku kwa hadi wiki mbili. Kidonda kinatakiwa kuwa safi, na mgonjwa haruhusiwi kulifikicha jicho hata likiwasha. Ikiwa nyuzi zilizotumika si za kuyeyuka zenyewe, huondolewa kati ya siku ya 7 na ya 14. Usaha, damu isiyokoma, maumivu yanayozidi au kope isiyofunga ni dalili za kurudi kituoni mara moja. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mgonjwa anapaswa kukaguliwa tena ili ijulikane kama nywele zimerudi ndani.

Ukaguzi huo wa mwisho una uzito wake. Hata pale upasuaji unapofanywa kwa ustadi, baadhi ya wagonjwa hurudiwa na tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Ethiopia ulionyesha kuwa dozi moja ya azithromaisini baada ya upasuaji ilipunguza hali hiyo kwa takriban theluthi moja, ikilinganishwa na marhamu ya tetrasaiklini. Dawa hiyo ni ya kumeza mara moja, mbele ya mhudumu. Kwa mtu atakayerejea kambini, penye maji haba, faida yake haihitaji maelezo marefu: haitegemei mikono safi wala kioo cha kujitazamia.

Barabara, hospitali na watu wanaohama

Ratiba hiyo yote inajengwa juu ya mambo matatu: mgonjwa ajulikane alipo, kituo cha afya kiwepo, na njia ya kukifikia ipitike. Katika pwani ya kaskazini, yote matatu yameyumba.

Mji wa Mocímboa da Praia ulishikiliwa na wapiganaji kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, ulipokombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji, na hospitali yake iliharibiwa vibaya. Palma ilishambuliwa Machi 2021 na wakazi wake wakatawanyika. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilisitisha kazi mjini Macomia baada ya shambulio la Mei 2024, na Septemba 2025 lilisitisha shughuli zake Mocímboa da Praia kutokana na mashambulizi mapya.

Anayeelekezwa katika hospitali ya mkoa iliyoko Pemba hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Mocímboa da Praia kwa barabara ya N380, ambayo imeshambuliwa mara nyingi na ambayo wakati mwingine hupitika kwa misafara ya kusindikizwa na wanajeshi tu. Safari ya kwanza, ya kwenda kufanyiwa upasuaji, mtu huweza kuimudu kwa kuuza alichonacho. Safari ya pili, ya kuondoa nyuzi, huja wakati fedha zimekwisha. Ya tatu, ya ukaguzi, huangukia wakati ambapo jicho haliumi tena, na aliyepona maumivu ni vigumu kumshawishi apande gari la hatari.

Hata orodha ya wagonjwa haikai sawa. Aliyepasuliwa akiwa kambini Metuge huenda akarejea Quissanga kabla ya mwezi wa tatu, kisha akakimbia tena. Mwaka 2021 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lililalamikia kurudishwa kwa nguvu kwa maelfu ya watu waliovuka mto Ruvuma kuingia Tanzania. Kwa mtu wa namna hiyo, kadi ya kliniki inayobaki katika kituo kimoja haina maana kubwa. Inayofaa ni ile anayotembea nayo mwenyewe, ikionyesha tarehe ya upasuaji na jicho lililopasuliwa.

Maelekezo kwa lugha ipi?

Kuna kikwazo kingine, kisichosababishwa na bunduki. Mfumo wa afya wa Msumbiji huandika kwa Kireno. Katika ukanda wa pwani, bibi mwenye umri wa miaka 60, ambaye ndiye mgonjwa wa kawaida wa maradhi haya, ana uwezekano mkubwa wa kuzungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili. Akiambiwa kwa Kireno kuwa apake dawa asubuhi na jioni, na kwamba asifikiche jicho, hutikisa kichwa kwa adabu na kuondoka. Kumweleza maneno hayo hayo kwa lugha yake, mbele ya binti au mjukuu atakayempaka dawa, hakuhitaji mashine wala mfadhili.

Kuhesabu upasuaji hakutoshi

Kwa miaka mingi mafanikio ya kampeni za macho yamepimwa kwa idadi ya waliopasuliwa. Takwimu hiyo ni rahisi kuikusanya na humpendeza mfadhili, lakini haisemi ni wangapi wanaona vizuri baada ya mwaka mmoja. Vigezo vya WHO vya kuthibitisha kuwa nchi imetokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii havidai tu kupungua kwa wagonjwa. Vinadai pia ushahidi kuwa nchi ina mfumo wa kuwatambua na kuwatibu wanaojitokeza baadaye. Oman ilithibitishwa mwaka 2012, Malawi mwaka 2022 na Burundi mwaka 2025. Lengo la dunia nzima ni mwaka 2030.

Kwa Cabo Delgado muda huo ni mfupi, na fedha zimepungua tangu Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa sekta ya afya ya Msumbiji, ilipokata misaada yake ya nje mwaka 2025. Katika hali hiyo, kishawishi cha kubaki na kampeni za siku chache na kuacha ufuatiliaji kitakuwa kikubwa. Ufuatiliaji hauna picha ya kuonyesha: ni mhudumu mmoja wa kijijini mwenye tochi, orodha ya majina na baiskeli. Akikosekana, baadhi ya macho yaliyookolewa yatarudi kwenye maumivu yale yale, na mwenye jicho lililopasuliwa likaharibika tena huwa si rahisi kumrudisha mezani mara ya pili, wala kuwashawishi jirani zake.