Kodi ya ushindi: Waweka dau wa mbio za farasi walivyobadili hesabu Marekani

MTU anayekwenda kwenye uwanja wa mbio za farasi nchini Marekani siku hizi mara nyingi haweki dau kwa namna aliyoizoea babu yake. Babu alichagua farasi mmoja, akalipa dola mbili, akasubiri. Mjukuu huchagua farasi watano na kuiagiza mashine iwapange kwa kila namna wanavyoweza kushika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hutoka dirishani na tiketi moja yenye mipangilio 60 ndani yake, na kwa kuwa kila mpangilio ni dola moja, tiketi hiyo humgharimu dola 60.

Swali lililozusha mvutano wa miaka kadhaa baina ya waweka dau na serikali yao ni jepesi kulitamka: mtu huyu ameweka dau la kiasi gani? Mwenyewe husema dola 60, kwa kuwa ndizo zilizotoka mfukoni mwake. Mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, IRS, hadi mwaka 2017 ilishikilia kuwa ni dola moja, kwa hoja kwamba kati ya mipangilio 60 ni mmoja tu ulioshinda, nao ulilipiwa dola moja. Dola nyingine 59 zilihesabiwa kana kwamba hazikuwapo.

Ubishi huo haukuwa wa maneno matupu. Kwa kanuni za wakati huo, mshindi aliyepata dola 600 au zaidi, iwapo malipo hayo yalifikia mara 300 ya dau, aliandikiwa fomu ya kodi papo hapo na taarifa zake kupelekwa IRS. Kama ushindi ulizidi dola 5,000 kwa uwiano huo huo, dirisha la malipo lilikata asilimia 25 kabla ya kumkabidhi chochote.

Tumchukue mjukuu wetu na tiketi yake ya dola 60, ikamlipa dola 5,400. Kwa hesabu ya serikali, dau ni dola moja, hivyo amepata zaidi ya mara 5,000 ya alichoweka. Anakatwa takriban dola 1,350. Kwa hesabu yake mwenyewe amepata chini ya mara 90 ya alichotumia, kiwango kilicho mbali kabisa na mara 300 zinazotajwa na sheria.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapo, inabidi kurejea mwaka 1976, Bunge la Marekani lilipoweka sheria ya kuzuia kodi kwenye ushindi wa kamari. Wakati huo dau la kawaida uwanjani lilikuwa la kumtaja farasi atakayeshinda au atakayemaliza katika nafasi za mwanzo. Malipo ya mara 300 yalikuwa nadra, na mtu aliyeyapata alionekana kweli kuwa ameangukiwa na neema. Kiwango cha dola 5,000 kilikuja baadaye, mwaka 1992, lakini uwiano wa 300 kwa moja haukuguswa.

Mchezo ndio uliobadilika. Dau za kutaja farasi watatu au wanne kwa mpangilio, pamoja na zile za kubashiri washindi wa mbio nne, tano au sita mfululizo, zikawa ndizo zinazovuta fedha nyingi. Msomaji wa Dar es Salaam anayewafahamu vijana wanaopanga “mkeka” wa mechi kumi za mpira wa miguu atapata picha ya mvuto wake, ingawa Mmarekani huyu hafungi mkeka mmoja. Hununua mikeka mingi kwa tiketi moja, akijua fika kuwa yote itachanika isipokuwa, pengine, mmoja. Sheria ikabaki inamtazama kana kwamba angali babu yule wa dola mbili.

Matokeo yake hayakumwumiza mshindi peke yake. Katika mbio hizo fedha za waweka dau hukusanywa katika mfuko mmoja. Uwanja huchukua sehemu yake kwanza, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25 kutegemea aina ya dau, kisha kinachosalia hugawanywa kwa walioshinda. Uwanja basi haujali sana nani ameshinda. Unachojali ni fedha kuzunguka. Aliyelipwa katika mbio za tatu akirudi dirishani katika mbio za nne, uwanja unapata fungu lake tena. Fedha iliyozuiwa kwa ajili ya kodi haizunguki.

Hapo ndipo maslahi ya mcheza kamari na ya mwenye uwanja yalipokutana, jambo lisilo la kawaida katika biashara hii. Chama cha kitaifa cha mbio za farasi, NTRA, kikiongozwa wakati huo na Alex Waldrop, kilibeba hoja hiyo hadi Washington. Katika Bunge ilipata mtetezi, mbunge John Yarmuth wa Louisville, mji wa jimbo la Kentucky zinakofanyika mbio mashuhuri za Kentucky Derby.

Kilichowasaidia zaidi, kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, ni udogo wa ombi lao. Hawakudai kufutiwa kodi. Hawakudai hata kiwango cha asilimia 25 kipunguzwe. Waliomba tafsiri ya neno “dau” isomeke kuwa ni fedha yote iliyowekwa na mtu katika mfuko mmoja kwa tiketi moja, na jambo hilo halikuhitaji kura ya Bunge. Lilihitaji Wizara ya Fedha na IRS kuandika upya kanuni zao wenyewe. Mwaka 2015, mamlaka hiyo ilipokuwa ikikusanya maoni kuhusu kanuni za taarifa za ushindi wa mashine za kamari, bingo na keno, waweka dau wa farasi walitumia mlango huo huo na kupeleka maoni yao kwa maelfu.

Rasimu ya kanuni mpya ilitolewa mwishoni mwa Desemba 2016. Yakafuata maoni mengine, na mwishoni mwa Septemba 2017 kanuni ya mwisho ikatangazwa, viwanja vikipewa hadi katikati ya Novemba mwaka huo kurekebisha mitambo yao. Tiketi ya mjukuu wetu sasa ikahesabiwa kuwa dau la dola 60. Ili akatwe kodi dirishani angepaswa kupata dola 18,000 au zaidi. Kwa dola zake 5,400 angelipwa zote bila fomu.

Kanuni hiyo pia ilipunguza soko la watu walioitwa viwanjani “asilimia kumi”. Hawa ni watu ambao kwa ujira wa sehemu kumi ya ushindi walikwenda dirishani na tiketi ya mwingine, wakaandikisha majina yao badala ya jina la mshindi wa kweli. Ilikuwa hila ya kukwepa kodi, na kosa la jinai, lakini ilistawi mahali ambapo sheria ilimhesabu mshindi kuwa tajiri hata siku ambayo, kwa kujumlisha mbio zote, alirudi nyumbani na hasara.

Hata hivyo, si kila mweka dau aliyenufaika. Mtu mwenye dola mbili tu, aliyetaja mpangilio mmoja na bahati ikamwangukia kwa dola 5,500, aliendelea kukatwa kama zamani, kwa kuwa dau lake lilikuwa kweli dola mbili. Nafuu ilikwenda kwa wenye uwezo wa kusambaza fedha nyingi katika tiketi moja, na hilo halikusemwa kwa sauti kubwa wakati wa kampeni.

Swali hilo hilo la nini ni dau na nini ni ushindi limefika pia Afrika Mashariki, ingawa kwetu farasi ni wachache na mbio za uwanja wa Ngong jijini Nairobi hazina umati wa mashabiki kama mpira wa miguu. Nchini Kenya, mzozo kati ya mamlaka ya mapato na kampuni za kubashiri mwaka 2019 ulihusu, pamoja na mambo mengine, iwapo kodi ya zuio ya asilimia 20 ikatwe kwenye malipo yote au kwenye kile kinachobaki baada ya kuondoa dau. Novemba mwaka huo, baraza la rufaa za kodi liliamua kuwa dau si sehemu ya ushindi. Mwaka 2025 Nairobi ilikwenda njia nyingine kabisa: tangu Julai 1 mwaka huo sheria ya fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye fedha zinazotolewa kutoka akaunti ya mchezaji, badala ya ile ya asilimia 20 ya ushindi. Mtu aliyeweka fedha zake, akabadili mawazo na kuzitoa, anaweza kujiuliza ameshinda nini hadi akatwe.

Kwa Wamarekani, ushindi wa 2017 uliacha kidonda kingine wazi. Kutokatwa kodi dirishani hakumaanishi kusamehewa. Kila ushindi unapaswa kutajwa katika hesabu za mwaka. Kwa miongo mingi mchezaji aliruhusiwa kuondoa hasara zake zote kutoka kwenye ushindi, mradi hazizidi ushindi wenyewe na mradi aorodheshe makato yake moja moja. Sharti hilo la pili liliwatupa nje wengi tangu 2018, pale kiwango cha makato ya jumla kilipokaribia mara mbili na walipa kodi wengi wakaona hakuna haja ya kuorodhesha.

Kisha ikaja sheria kubwa ya kodi na matumizi iliyotiwa saini na Rais Donald Trump Julai 4, 2025. Ndani yake kilikuwamo kifungu kifupi kinachosema kuwa kuanzia mwaka 2026 mchezaji ataondoa asilimia 90 tu ya hasara zake. Aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza dola 100,000 katika mwaka mmoja, yaani ambaye hakupata hata senti, atahesabiwa kuwa na kipato cha dola 10,000 na kutozwa kodi juu yake.

Siku chache baadaye mbunge Dina Titus wa Nevada aliwasilisha muswada wa kurejesha asilimia 100. Sekta ya mbio za farasi imeingia tena katika ushawishi, safari hii sambamba na wacheza poka na kasino. Lakini sasa kinachopingwa kimeandikwa na Bunge lenyewe, na njia ya mwaka 2017, ya kuwashawishi maofisa wa wizara wasome upya neno moja, haipo. Mwaka 2026 ulipoanza, muswada huo ulikuwa haujapitishwa na asilimia 90 ikaanza kutumika.